Kithembe cha Kurithi

Mimi ni fundi wa meno ya bandia, na shemeji yangu alikuwa mtu anayetafutwa kuliko wote nchini. Hayo ni mambo mawili tofauti, lakini watu wa mtaani kwetu walikuwa wanayachanganya. Mteja anakaa kwenye kiti, anapanua kinywa, na kabla sijaingiza kidole ananiuliza kama kweli mimi ndiye yule. Ninamjibu kwamba mimi ni ndugu wa mkewe, tena mke aliyemkimbia, na sasa apanue zaidi. Uzuri wa kazi yangu ni kwamba mtu akishapanua vizuri hawezi kuuliza la pili.

Shemeji alikuwa na mwanya. Usidhani ni ule mwanya wa kupendeza ambao watu wanautafuta kwenye picha za harusi; wake ulikuwa mlango. Kila akitamka s, ulimi unachungulia hapo kati na inatoka th. Sasa inakuwa thatha, sisi inakuwa thithi. Watu wanaita kithembe, na nadhani aliyelitunga jina hilo alikuwa na huruma, maana ni neno ambalo mwenye nalo hawezi kulikosea.

Alipokuwa anamchumbia dada yangu tulimcheka sana, pembeni lakini. Alikuwa anauza vitabu vya shule, mtu mpole, kola imenyooka. Baadaye akaanza kuhutubia kwenye kumbi za kukodi. Nchi imechafuka, alikuwa anasema, na dawa ya uchafu ni moja: kuthafisha. Watu walikwenda kumcheka kama sisi, wakarudi nyumbani hawacheki. Mwishowe aliingia porini na vijana na bunduki, na lile neno likaanza kuua. Likisikika kwenye redio yao, kabla wiki haijaisha kuna soko limechomwa au kuna darasa halina mwalimu.

Vijana waliompenda walianza kuongea kama yeye. Watu wenye meno yaliyobanana kama tofali za ukuta, wanajitia kithembe makusudi. Ukipita kijiweni ukasalimiwa "thalama", unajua salamu hiyo inatoka wapi. Ila walikuwa wanakosea, na mimi nilikuwa nawasikia. Kithembe cha shemeji kilishika s peke yake. Kwenye sh ulimi unarudi nyuma, mwanya hauna kazi, kwa hiyo sh yake ilikuwa safi kuliko yangu. Alisema thafisha. Wao, kwa kuzidisha mapenzi, walisema thafitha, na shule wakaiita thule. Nilikuwa nacheka peke yangu karakana. Ungemwambia nani mzaha kama huo?

Dada alimkimbia mume wake mtoto akiwa bado anabebwa. Alikuja kwangu na begi moja, akakaa vyumba vya uani, na mtoto akakulia kati ya viti vyangu na meno ya watu. Alipoota meno ya ukubwani tukatazamana mimi na dada. Mwanya ule ule. Sauti ilipovunjika ikawa ile ile pia, nzito, inayotoka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi. Nyumbani tulimwita Thatha, kwa sababu ndivyo alivyokuwa anaitika akiitwa: "Thatha nini tena?"

Mtoto mwenyewe hakuwa na habari na mambo ya baba yake. Alipenda rangi. Aliajiriwa duka la rangi za nyumba, akawa fundi wa kuchanganya, unampelekea kipande cha ukuta anakurudishia kopo la rangi ile ile. Alikuwa anafanyia kazi nyuma, stoo, kwa sababu mbele kwa wateja hangeweza kufungua kinywa. Mara ya kwanza alipojaribu, mama mmoja aliacha kopo kaunta akatoka mbio bila chenji.

Halafu askari wakamchukua. Hakuwa na kosa, nao walisema wazi kwamba hana kosa. Walimweka wiki kadhaa, wanamsemesha kwenye mashine ya kurekodi, wanalinganisha na sauti ya baba yake. Aliporudi alikuwa haongei tena. Unamsalimia anatikisa kichwa. Dada alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, ndipo siku moja asubuhi akamshika mkono kama mtoto wa chekechea, akamleta karakana na kumkalisha kwenye kiti changu.

"Mzibe," akaniambia. "Sitaki kumsikia yule mtu nyumbani kwangu tena."

Nilimzibia. Nilichukua alama ya kinywa chake kwa ule uji mzito unaoganda mdomoni, nikamimina plasta, nikapata sanamu ya meno yake meupe na mlango wake katikati. Juu ya sanamu hiyo nikatengeneza kibamba chembamba cha plastiki ya rangi ya ufizi, kinakaa juu ya kaakaa, kina waya mdogo wa kushikia kila upande, na mbele kina kipande cheupe kinachoingia kwenye mwanya barabara. Sijisifu, lakini ungemtazama usingejua. Kilikuwa na tabia moja tu: kikikaa mahali pake kinalia tik, kidogo sana, kama mtu anayefunga pochi.

Siku za kwanza aliongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kinywa kikiwekewa kitu kigeni ulimi unasusa, ni kawaida, inabidi uubembeleze. Nikamtungia sentensi ya mazoezi: sisi sote sasa tumesimama sawasawa. Alikuwa anaisema akichanganya rangi, akioga, akila. Dada akawa anaisema naye huku anaosha vyombo. Ilifika mahali hata mimi naikuta mdomoni nikiwa barabarani, watu wananiangalia. Halafu siku moja wakati wa chakula cha mchana akasema, bila kufikiri, "Mama, sukari iko wapi?" Dada akaweka kijiko chini. Ile s ilitoka kali na nyembamba, kama ya mtangazaji. Dada alicheka mpaka akalia, halafu akalia tu.

Kuanzia hapo tukapata mtoto mwingine. Aliongea mpaka tukachoka. Alihamishwa kutoka stoo akawekwa kaunta, akawa anawauzia kinamama rangi wasizozihitaji. Alianza kuchelewa kurudi, tukajua kuna binti. Dada alinenepa. Mimi nilikuwa natembea mtaani kifua mbele, maana ningekuwa nimeponya watu mia nisingefurahi vile.

Mgeni alikuja saa nne asubuhi, peke yake, akisema ana jino la kuweka. Nilimpa jina moyoni mwangu hapo hapo: Mpole. Viatu safi, sauti ya chini, anaomba radhi kila anapokohoa. Nilipotazama sikuona pengo lolote. Meno yalikuwa kamili.

Akakaa wima na kuniambia kwamba shemeji yangu amekufa. Homa tu, akasema, homa ya kawaida, wala si risasi. Wamemzika wenyewe na wanaojua hawazidi watu wa kukaa meza moja. Vijana hawajui. Wakijua, kila kamanda atachukua watu wake na wataanza kumalizana, na wakimaliza kumalizana watashukia miji. Kwa hiyo inahitajika sauti. Hawamtaki kijana ashike silaha, hata kisu hatashika, atakaa mahali pazuri, atakula, atasoma anachoandikiwa. Aliyasema yote haya kwa upole kabisa, kama mtu anayeleta posa.

Nilimwambia kijana amepona, hana kithembe tena. Nilidhani nimemfunga goli.

"Tumesikia, Fundi," akasema. "Kazi nzuri sana. Lakini hicho kinatoka, sivyo?"

Kabla ya kuondoka aliuliza habari za binti wa duka la rangi, kwa jina lake, jina ambalo hata sisi nyumbani tulikuwa hatujalijua. Kisha akanishukuru na kuufunga mlango taratibu.

Utaniuliza kwa nini sikwenda polisi. Polisi ndio waliomrudisha mtoto wetu akiwa bubu, na safari hii wangekuwa na sababu. Kuhama? Unahamia wapi na kinywa kama kile, na watu ambao wanajua jina la mchumba kabla ya mama mkwe? Nilizunguka karakana nikipanga vitu vilivyopangwa tayari. Jioni, kabla jua halijazama, nikawaeleza wote wawili, kwa sababu sikuona namna ya kuficha.

Dada alisema hapana. Alilisema neno hilo mara nyingi mfululizo, kwa sauti ya kawaida, kama anayekataa kuongezewa chai. Nilijua Thatha hakumlilia baba yake, hakumjua vya kutosha kumlilia. Alikuwa anatazama mikono yake yenye rangi kwenye kucha. Ndipo akaingiza kidole mdomoni, akatoa kibamba changu, akakifuta na kukiweka mezani.

"Mjomba, thikia," akasema. "Watu wanakufa kwa thauti hii. Thatha haina mwenyewe. Nikiichukua mimi, nitawaambia warudi nyumbani."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Dada aliziba masikio, mikono miwili, kama mtoto.

"Hawatakupa nafasi ya kusema," nikamwambia. "Watakupa karatasi, mwanangu. Utasoma karatasi."

"Nitathoma. Halafu thiku moja thitathoma."

Nilibishana naye mpaka usiku ukaingia. Nilimwambia yeye ni fundi rangi, hao ni wauaji, watamgeuza kabla hajawageuza. Akasema asipokwenda watamchukua binti, kisha watamchukua yeye vilevile. Dada ndiye aliyemaliza. Alikichukua kile kibamba mezani, akakiweka ndani ya kikopo chake, akamtilia mwanawe kwenye mfuko wa shati. "Ukitaka kuwa mwanangu utakivaa," akamwambia. Kesho yake alikwenda kazini kama kawaida. Walinipigia simu mchana kuniuliza yuko wapi. Aproni yake ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya makopo.

Haukupita muda mrefu tukamsikia. Kwenye redio yao walikuwa wanaongea moja kwa moja, na watu wa mjini wanarekodi na kusambaziana kwenye simu. Nilikuwa nasugua meno ya mzee mmoja fundi viatu, simu yake ikalia, akaisikiliza na mdomo wake mtupu, akatikisa kichwa.

"Huyu jamaa bado ngangari," akasema. "Tena sauti imekuwa ya kijana."

Niliendelea kusugua. Sauti ilisema ndugu zangu, thimameni imara. Ilisema stendi ya mabasi imejaa uchafu. Ikasema thafisheni. Nilikuwa na uhakika kwamba ni mtoto wetu, na nilikuwa na uhakika kwamba dada, uani, anayo simu mkononi. Baada ya siku chache stendi ililipuka. Sitaeleza niliyoyaona pale. Kiatu cha yule mzee fundi viatu nilikitambua kwa kiraka.

Tukawa na siri ambayo haina pa kuwekwa. Tukisema kwamba ni yeye, kundi halitakuwa na haja naye tena na litamuua, na serikali ikimpata kwanza itamnyonga. Tukinyamaza, watu wataendelea kufa kwa kinywa nilichokilea. Dada alikuwa anapokea rambirambi za stendi kama jirani mwingine yeyote, anapika kwenye misiba, anarudi anakaa kitandani. Siku moja aliniuliza kama naona sauti imekonda. Nikamwambia sidhani. Akasema anadhani hapewi maziwa, alikuwa mtu wa maziwa. Nilitoka nje nikasimama ukutani, kwa sababu nilitaka kumpigia mtu kelele na hapakuwa na mtu.

Ilisikika tena, na tena, kila mara na mahali papya. Kila mara nilikuwa nasubiri afike mwisho wa karatasi aongeze lake. Hakuongeza.

Halafu ikaja ile ya siku ya mvua. Dada alikuwa karakana, anafagia, na simu yangu iko mezani, inacheza rekodi niliyotumiwa. Sauti ilianza kama siku zote, ndugu zangu thikilizeni. Kisha ikakatika. Ikaja pumzi. Na mimi, haki ya Mungu, nikasikia tik.

"Ndugu zangu," akasema, na sasa ilikuwa ile sauti ya kaunta, ya mchana wa sukari. "Baba amekufa siku nyingi. Aliyekuwa anasema ni mimi, mwanawe. Sasa wekeni silaha chini. Sisi sote..."

Kukawa na kishindo, na redio ikabaki inachemka kama sufuria.

Dada alikuwa amesimama na ufagio. Uso wake sijawahi kuuona vile, ulikuwa kama wa siku ya kujifungua. "Amekivaa," akasema. "Mdogo wangu, amekivaa." Tulikumbatiana, ndiyo, tulikumbatiana pale kati ya meno. Kwa muda kama wa kunywa maji nilidhani imekwisha, nilidhani huko porini watu wanatazamana na kutupa bunduki.

Kisha nikatoka barabarani, nikawasikia watu. Vijana wa kijiweni walikuwa wameizunguka simu moja, wanacheka wanashika mbavu. Umesikia feki ya serikali? wanaulizana. Hata kumwiga wameshindwa! Hiyo s ya mtangazaji wameitoa wapi? Mzee hawezi kulitamka neno sasa, dunia nzima inajua hawezi. Mchuuzi wa maji alisema hivyo, na mama wa duka la dawa, na hata askari mmoja aliyekuwa anakunywa soda alisema wakubwa wake wangetafuta mtu mwenye mwanya angalau. Nikajaribu. Nikasema labda ni mtoto wake kweli. Yule askari akanitazama kwa huruma, akaniambia mtoto wake ana kithembe kile kile, wao walishamrekodi, wana uhakika.

Angesema yale maneno na mwanya wake, wangemtii. Wale wa porini wangeweka silaha chini kwa amri ya thauti hiyo kama walivyozishika kwa amri yake. Lakini alitaka kusema ukweli kwa kinywa chake mwenyewe, na kinywa chake mwenyewe ni kile nilichomtengenezea mimi. Nilirudi ndani. Dada alikuwa ameweka maji ya chai na vikombe vitatu. Sikumwambia walichosema. Alikisikia mwenyewe dirishani.

Tulikaa tunasubiri. Hakuna aliyekuja kutuletea habari, Mpole wala askari. Nilifanya kazi kwa sababu mikono haijui kitu kingine. Na baada ya kama wiki mbili, nikiwa na mteja mwenye uji wa kupimia mdomoni, kule nje wakapandisha sauti ya redio na mtaa mzima ukanyamaza kusikiliza.

Ilikuwa sauti nzito, ya taratibu, imefanana vizuri. Ndugu zangu, ilisema, maadui wameiga thauti yangu lakini mimi nipo. Mteja wangu, kinywa kimejaa, aliniinulia kidole gumba kuonyesha kwamba mzee karudi. Kisha sauti ikafika kwenye neno lake, ikalisema kwa nguvu, na nje watu wakapiga makofi.

Mikono yangu ilibaki kwenye taya la yule mtu. Uji ukishaanza kuganda huwezi kuuachia, utaharibu kipimo. Nilisimama hivyo, namtazama macho, mpaka ukakauka, nikautoa, nikamwambia arudi wiki ijayo.

Alipoondoka, dada aliingia kutoka uani. Hakuwa analia. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya sanamu za wateja, akazipitia, akaitoa ya mwanawe, ile plasta nyeupe na mlango wake katikati.

"Amesema thafitheni," akasema.

"Nimesikia, Dada."

"Mwanangu sh alikuwa anaweza. Tangu mdogo, alikuwa anaweza."

Akaniomba kitambaa cha kuifungia. Nikampa kile ninachofutia mikono, ndicho kilichokuwa karibu.